Mashine Iliyopiga Kabla ya Wakati

Ukimsikiliza Davi Akpene, jirani anayekausha samaki ukuta kwa ukuta na nyumba ya akina Sefakor pale Tsatsukope, mashine ya Efo Dotse ilikufa katikati ya ziwa kwa sababu mwanamke aliivuka kamba yake. Husimulia kama aliyekuwamo botini. Husema Sefakor alikuwa amekaa nyuma, mahali wanawake hawakai, akasikia njaa, akainuka kufuata dokonu, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, kwenye kapu la mbele, akainua mguu, akapita juu ya kamba ya kuwashia. Na mashine ile, ambayo siku ya kwanza kuingia majini ilimwagiwa pombe kali na wazee wakaiombea, ikazira hapohapo.

"Mashine ina masikio," humalizia Davi Akpene huku akigeuza samaki juu ya moshi. "Tena ina wivu kuliko mke mkubwa."

Watu hucheka, na hadithi huzidi kunenepa. Lakini siku hiyo Davi Akpene alikuwa nyumbani akipepea moto wake. Waliokuwa ziwani walikuwa watatu tu, na mambo yalikwenda hivi.

Waliondoka asubuhi, ziwa likiwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Efo Dotse, yaani Kaka Dotse, mwenye boti, alikuwa nyuma ameshika mkono wa mashine. Mdogo wake, Elikem, alisimama mbele na upondo akiangalia visiki. Sefakor, mke wa Elikem, aliketi katikati ya makapu ya samaki waliyokuwa wakiyapeleka soko la Torvime, ng'ambo. Mtoto wao, Yayra, walimwacha kwa bibi yake analia. Ubavuni boti ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: WASEMAO WASEME.

Ziwa lile si maji matupu. Chini yake kuna msitu mzima. Bwawa lilipojengwa maji yalipanda yakameza mashamba, makaburi na miti, na miti haikuanguka, ilikufa imesimama. Kiangazi kikikaza, vichwa vyake hutokeza juu, vyeusi na vikavu. Vingine hubaki kiganja kimoja chini ya maji, mahali jicho halifiki. Hivyo ndivyo vinavyoua.

Kwa sababu ya visiki hivyo, pangaboi la mashine hufungwa kwa pini ya shaba, laini, ambayo kazi yake ni kukatika. Pangaboi likigonga mti, pini inakatika, mashine inapona. Lakini ziwani kwao pini zilikatika kila mara, na kila mara mwanamume alilazimika kuingia majini na koleo mdomoni huku boti nyingine zikipita na watu wake wakimzomea. Basi wanaume wa Tsatsukope walikuwa na dawa yao. Walichukua msumari wa inchi nne, wakaukata, wakaugongelea mahali pa pini. Efo Dotse alijisifu nao.

"Msumari haukatiki," alipenda kusema. "Kisiki ndicho kitakachoomba radhi."

Jua lilipopanda, upande wa mashariki kulikuwa na utepe mweusi juu ya maji. Sefakor aliuona kwanza.

"Efo, kule kunakuja kitu."

Dotse alitazama, akafyonza. "Kitatukuta tumeshakula Torvime." Akafungua mafuta mpaka mwisho, akaiacha njia waliyoizoea, akakata moja kwa moja kuelekea ng'ambo.

Elikem alipiga kelele, "Kaka, huku kuna miti!" na kabla hajamaliza, boti iligonga.

Ilisimama kama iliyoshikwa mkia. Mashine ilikatika katikati ya mngurumo. Elikem alirushwa mbele, akaangukia ncha ya mti iliyokuwa imetokeza kando ya boti, akabaki ananing'inia, nusu majini na nusu botini. Sefakor alimshika mshipi wa suruali akamvuta ndani kwa nguvu asizojua alizitoa wapi. Paja la Elikem lilikuwa limepasuka kutoka karibu na nyonga hadi juu ya goti. Damu ilitoka nene, ikachanganyika na maji ya sakafuni.

Sefakor alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka kwenye jeraha. Akachana upande wa kitenge chake, akazungushia juu yake, akakaza kwa goti.

"Unaniua," Elikem alisema.

"Nikuue mara ngapi? Tulia."

"Inatoka bado?"

Alitazama. Kitambaa kililowa, kikaacha kulowa. "Inatoka kidogo. Usisogeze mguu."

Nyuma, Dotse alikuwa ameshazungusha kamba kwenye gurudumu zito lililo juu ya mashine. Akavuta. Mashine ilipiga kikohozi kimoja kikali, pah! na kamba ikamvuta yeye. Ulimi wa moto ukatoka kwenye kabureta, ukazimika.

"Petroli ina maji," alisema. "Yule mwizi wa gatini ametia maji."

Alimwaga kidogo kiganjani, akanusa, akasugua vidole. Ilikuwa petroli safi. Akafungua plagi, akaiegemeza kwenye chuma mbali na mafuta, akavuta kamba. Cheche iliruka, ya buluu, nono. Akairudisha plagi. Akavuta tena. Pah! Ulimi wa moto tena. Sefakor, mikono yake ikiwa juu ya paja la mumewe, hakuondoa macho kwenye gurudumu lile. Aliona jambo ambalo Dotse, kwa hasira yake, hakuliona: kila ilipokohoa, gurudumu lilisita, likarudi nyuma nusu mzunguko, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mbwa.

"Efo, subiri kwanza."

Dotse hakusubiri. Alizungusha ncha ya kamba kiganjani ili apate nguvu, akaweka mguu ukingoni, akavuta kwa mwili mzima. Mashine ikapiga kinyume. Kamba ikamnyakua mkono ukagonga kifuniko cha chuma, na mfupa ukasikika ukivunjika. Alikaa chini polepole. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda upande usio wake.

Kisha akamtazama Sefakor.

"Mke wetu, nikuulize. Umevuka kamba hii leo?"

"Efo, tangu tutoke sijainuka kwenye makapu."

"Hata wakati wa kupakia?"

"Hata wakati wa kupakia."

Upepo ukawafikia. Ziwa lililokuwa mafuta likawa vilima. Mvua ilikuja imelala, ikipiga usoni kama mchanga. Sefakor alitupa nanga, jiwe lililofungwa kamba ya katani. Likaburuta, likaburuta, likanasa kwenye matawi huko chini. Boti ikageuka pua yake kwenye upepo na kutulia kidogo. Hapo ndipo wote watatu walipotazama nyuma, kule upepo ulikokuwa unawasukuma.

Kule kulikuwa na Meno. Ndivyo wanavyopaita mahali pale: miti iliyokufa imesimama imesongamana kama vijiti vya uzio, na mawimbi yanapasukia katikati yake. Boti ikiingia Menoni wakati wa upepo, hutoka mbao.

"Kamba ya nanga ni ya lini?" Sefakor aliuliza.

"Ya zamani," Dotse alisema.

Sefakor alianza kukumba maji kwa kopo. Alikumba huku anafikiri. Kwa miaka yote aliyokuwa akipanda boti ile kwenda sokoni, hakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa maji na mikono ya shemeji yake, na maji huchosha. Alijua kila nati aliyoifungua Dotse na kila tusi alilolitukana. Na kule gatini Torvime, akisubiri wachukuzi, alikuwa akimtazama fundi mmoja mzee aliyekaa chini ya turubai. Aliwahi kumwona akitia kijiti kirefu kwenye tundu la plagi, akizungusha gurudumu taratibu, kijiti kikipanda na kushuka. Hakuuliza kwa nini. Aliona tu kwamba fundi hakutazama mashine, alitazama kijiti.

"Efo," alisema, "moto upo. Petroli ipo. Mbona inakupiga?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa hapa?"

"Nasema hivi. Kule jikoni tunapotwanga mihogo ya fufu, mmoja anatwanga, mwenzake anageuza. Anayegeuza akitia mkono wakati mchi unashuka, ni nini kinatokea?"

Dotse alicheka kwa maumivu. "Leo nafundishwa fufu katikati ya ziwa."

"Mchi haujafika chini, mkono umeshaingia. Hii mashine yako moto wake unawahi. Pistoni bado inapanda, moto umeshapiga, unairudisha chini. Ndiyo maana inarudi nyuma."

Dotse aliacha kucheka. Maji ya mvua yalimtiririka puani. "Rudia," alisema.

Akarudia.

"Taimingi," Dotse alisema, kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Lakini taimingi haihami yenyewe. Niliiweka mwenyewe."

"Tuitazame."

"Nitaitazama kwa mkono upi?"

"Kwa wangu."

Dotse akasita. Hata pale, huku nanga ikilia na Meno yakiwa nyuma yao, alisita. "Mke wetu, mashine hii haijaguswa na mwanamke tangu imeingia majini. Wazee walisema."

Kutoka sakafuni, Elikem, midomo yake imekuwa ya kijivu, akainua kichwa. "Kaka, basi nife mimi ili mashine isione haya?"

Dotse alivuta boksi la spana kwa mguu, akalisukuma kwa Sefakor.

Sefakor alitoa plagi. Akakata kijiti kutoka kwenye kapu la samaki, akakitia tunduni mpaka kikagusa pistoni. Elikem, kwa kuwa alilala karibu, alipewa kazi ya kukishika kwa vidole viwili bila kukibana. Dotse aliinamia dirisha dogo lililo juu ya gurudumu, ambamo zilionekana platini, vile vidole viwili vya chuma vinavyoachana ili cheche ipige. Sefakor akazungusha gurudumu kwa viganja, polepole kama anayefungua mfuniko wa chungu cha moto.

"Kinapanda," Elikem alisema. "Kinapanda."

"Zimefunguka!" Dotse alisema.

"Bado kiko chini! Bado kinapanda."

Sefakor aliendelea kuzungusha. Kijiti kilipanda kipande kirefu kabla ya kusimama.

"Sasa kimefika."

Walitazamana. Kati ya "zimefunguka" na "kimefika" kulikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ilitakiwa kuwa kama unene wa kitenge.

"Gurudumu limeteleza kwenye mhimili wake," Dotse alisema. "Toa gurudumu."

Kazi ile hata ardhini ina taabu. Sefakor alifunga kamba kwenye gurudumu, akaifunga kwenye ubao wa kukalia ili lisizunguke, akaitia spana nati ya juu, akaning'inia kwayo. Ikalegea kwa kishindo.

"Usiitoe yote," Dotse alisema. "Iache ilingane na kichwa cha mhimili, ilinde nyuzi. Sasa chukua shoka. Mimi nitanyanyua kwa bisibisi chini, wewe piga juu kwa mgongo wa shoka. Piga mara moja, piga kweli. Usinigonge mkono uliobaki."

Wimbi liliinua boti, Sefakor akangoja ishuke, akapiga. Hakuna kitu. Akangoja tena, akapiga. Mara ya tatu gurudumu likaruka kama kizibo, akaimalizia nati, akaliinua. Alikuwa ametandika kanga chini yake kwa sababu alijua kitu kidogo kikidondoka katika sakafu ile ya damu na maji hakitaonekana tena. Kikadondoka. Kilikuwa kipande cha chuma laini, umbo la nusu mwezi, kimekatwa katikati kama biskuti.

Dotse alikitazama kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo kabari inayolishika gurudumu mahali pake. Pangaboi liliposimama ghafla kwenye mti, pini ya shaba ingekatika huko chini, na basi. Lakini msumari haukatiki. Kishindo kikapanda juu kutafuta kilicho laini zaidi, kikaikuta kabari.

"Msumari," alisema.

"Kabari nyingine ipo?"

"Haipo."

"Linaweza kukaa bila kabari?"

"Likikazwa sana, mhimili ukiwa mkavu, linaweza. Likiwa halikusogea wakati wa kukaza."

Walikausha mhimili kwa kitambaa kilicholowa petroli, wakalinganisha mifereji kwa jicho, Sefakor akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akairudisha plagi mahali pake. Akazungusha kamba.

"Usiizungushe kiganjani," Dotse alisema. "Shika ncha kwa vidole. Ikirudi, iachie iende zake."

Alivuta. Haikurudi. Alivuta tena, na mashine ikawaka, nzito, ikivuta pumzi kama mzee aliyepanda kilima. Elikem alipiga makofi mawili dhaifu.

Wakati huohuo kamba ya nanga ikakatika.

Boti ikageuka ubavu. Dotse alishika mkono wa mashine kwa kushoto, akaielekeza kwenye upepo, akafungua mafuta. Mashine ilinguruma, moshi mweusi ukatoka, lakini boti haikwenda mbele. Ilisimama tu ikitetemeka, kisha ikaanza kurudi. Sefakor aliweka kiganja karibu na bomba la moshi, akakiondoa haraka. Lilikuwa la moto wa kuchoma nyama.

"Sasa inachelewa!" alipiga kelele. "Tulipokaza, limesogea upande wa pili!"

"Najua!"

"Itaungua!"

"Najua, mke wetu, sina nyingine!"

Ikafa yenyewe. Meno yakawafikia. Mti wa kwanza ulipita kando yao ukikwaruza WASEMAO WASEME. Sefakor alipiga magoti mbele, akatupa kipande cha kamba iliyobaki kuuzunguka mti wa pili, akakosa. Mti wa tatu akaukumbatia kwa mikono yake miwili. Boti ilimvuta, ngozi ya kifua ikachanika kwenye gome, lakini hakuuachia. Akapitisha kamba, akafunga fundo la samaki, lile analofungia makapu. Boti ikanasa hapo, ikipanda na kushuka, kila ikishuka ikigonga kitu chini. Maji yakaanza kuingia kwenye mwanya wa mbao.

"Tupa makapu," Dotse alisema.

Walitupa samaki wote. Kapu moja moja lilielea, likaenda kupasukia mitini. Sefakor hakuyatazama, alikuwa anapekua kapu la chakula. Akatoa kijiko kikubwa cha alumini.

"Mkono wa hiki. Ni laini. Unaweza kuwa kabari?"

Dotse alikitia mdomoni, akakiuma, akatazama alama ya jino. "Unaweza."

Sefakor alikata mkono wa kijiko kwa shoka, akatoa jiwe lake la kunolea kisu cha samaki, akaanza kusugua. Dotse alikumba maji kwa mkono mmoja. Elikem alikuwa ametulia mno.

"Baba Yayra."

Kimya.

"Baba Yayra! Niambie, tukifika utakula nini?"

"Maji," Elikem alisema.

Alimkingia mvua kwenye kopo, akamnywesha, akamfunika kwa kitenge kilichobaki, akarudi kusugua. Walipolitoa tena gurudumu kwa shoka kama mwanzo, alijaribu kipande kwenye mfereji wa mhimili. Kinene. Akasugua. Kinene upande mmoja. Akasugua. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na alijua kwamba kikimponyoka hana kijiko kingine. Akakishika kwa meno alipokuwa anabadilisha mkono. Akajaribu tena. Kiliingia kwa kubanwa kidogo, kama jino jipya kwenye ufizi.

"Sasa gurudumu. Polepole. Lisikiguse pembeni."

Likashuka juu yake. Likakaa. Akakaza nati. Akatoa plagi, akachukua kijiti.

"Elikem, shika."

Mkono wa Elikem ulikuja, ukashika.

"Kinapanda... kinapanda..."

"Zimefunguka," Dotse alisema.

"Kimefika. Karibu sana. Kimefika."

Hakuna aliyeshangilia. Sefakor alirudisha plagi, akazungusha kamba, akaishika kwa vidole. Mara ya kwanza mashine ikanyamaza. Mara ya pili ikakohoa, lakini ilikohoa mbele, gurudumu likaenda njia yake. Mara ya tatu ikawaka, na sauti yake ikawa nyembamba, ya haraka, iliyokaza, sauti waliyoizoea.

"Polepole, Efo," alisema. "Tukigonga tena, kijiko kitakatika, na hakuna kijiko kingine."

"Nenda mbele. Niambie."

Alikata kamba kwa kisu, akachukua upondo wa mumewe, akasimama mbele mahali pa Elikem. Mvua ilimpofusha, hivyo alitumia upondo kama macho. Aliuchoma majini kushoto, kulia, kushoto.

"Kulia! Kulia zaidi! Simama!"

Dotse akapunguza. Boti ikapita juu ya kitu kilichokwaruza chini yote mpaka nyuma. Sefakor alifumba macho akisubiri kikohozi. Hakikuja.

"Twende. Kushoto sasa. Taratibu, Efo, taratibu."

"Naenda taratibu, usinitafune!"

"Nitakutafuna tukigonga!"

Hivyo ndivyo walivyotoka Menoni, wakipigiana kelele, mti baada ya mti, mpaka upondo ukachoma maji bila kugusa kitu. Alichoma tena. Hapakuwa na mti. Akageuka nyuma kumwambia Dotse, akamkuta analia waziwazi, mkono wake uliovunjika umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Elikem alikuwa amefumba macho. Sefakor aliweka kidole shingoni mwake. Palipiga, kidogo, kwa haraka.

"Sasa fungua," alisema.

Jua lilikuwa limeinama walipoona bati za Torvime. Soko lilikuwa linavunjika, wanawake wanafunga mabunda. Mtu mmoja ufukweni aliona jinsi boti ilivyokaa chini majini, akapiga kelele, na wachukuzi wakaingia mpaka kifuani kuwapokea. Walimbeba Elikem kwenye mlango wa kibanda waliong'oa. Mama mmoja alitaka kumshika Sefakor, akaona kifua chake kilivyochubuka, akavua shali yake akamfunika.

"Mashine imewaletea tabu?" mmoja alimuuliza Dotse.

"Mashine haina kosa," Dotse alisema.

Hospitalini walimwongezea Elikem damu, ya Dotse kwanza, kisha ya mchukuzi mmoja ambaye hawakumjua jina. Usiku ule homa ilimchukua, na uliofuata ikamrudia. Sefakor alilala sakafuni akiwa ameshika kidole gumba cha mguu wa mumewe ili ajue kama bado ni cha moto. Daktari alipofungua jeraha asubuhi moja, alinusa, akatikisa kichwa kwa namna nzuri. Mguu utabaki, alisema, ingawa hautakuwa kama mwenzake.

Dotse, mkono wake kwenye plasta, alikuwa akishinda kibarazani. Siku hiyo aliondoka mapema kwenda gatini. Wakabaki wawili, chumba kimejaa harufu ya dawa, na dirisha lililoangalia ziwa.

Elikem alimtazama mkewe. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya kamba. Chini ya kucha kulikuwa na grisi ambayo sabuni ya hospitali haikuitoa.

"Mama Yayra, njoo ukae hapa."

Akakaa kitandani.

"Nimekuwa nafikiri. Mjomba wangu ana shamba kule mlimani. Mihogo, mahindi. Hakuna ziwa hata la kunawia uso. Tumchukue mtoto, twende."

Sefakor aliuvuta mguu wa mumewe taratibu juu ya mapaja yake, akaanza kuusugua, kuanzia kisigino.

"Nilikuwa nimelala pale sakafuni nikikutazama umekumbatia ule mti," Elikem alisema. "Nilisema, akiuachia, nami nijiachie. Sitaki kuona tena kitu kama kile. Niahidi hutapanda tena boti. Ya Efo wala ya mtu yeyote."

Nje, ng'ambo ya paa za soko, boti moja ilikuwa inatoka gatini. Mashine yake iliwaka, ikanguruma nzito, ikijivuta, ikimeza pumzi. Mkono wa Sefakor ulisimama juu ya kifundo cha mguu. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea dirishani. Inachelewa, alifikiri. Kidogo tu, unene wa kitenge. Mwenye boti hajui bado.

"Sefakor," Elikem alisema. "Niahidi."

Mashine ilikuwa inakwenda mbali. Sefakor alikuwa bado anaisikiliza.